Mwalimu wa Kiswahili katika Mashindano ya Ujifunzaji wa Mashine: Namna ya Kuanza Huku Kazi Ikiendelea

Utangulizi

Mnamo Oktoba 2006, kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa ikikodisha filamu kwa njia ya posta, ilitangaza zawadi ya dola 1,000,000 kwa yeyote ambaye angeunda programu ya kukisia mapendeleo ya watazamaji kwa ubora uliozidi ule wa programu ya kampuni yenyewe kwa asilimia 10. Washindani walipewa alama zaidi ya 100,000,000 ambazo wateja wapatao 480,000 walikuwa wamezipa filamu 17,770. Miongoni mwa waliojitosa ugani ni wahandisi wawili wa Montreal nchini Kanada, Martin Piotte na Martin Chabbert. Hakuna kati yao aliyekuwa mtaalamu wa fani hiyo. Walikuwa na ajira za mchana na familia za kulea. Kazi ya shindano waliifanya usiku. Ilipofika Septemba 2009 walikuwa katika kundi la watu saba waliokabidhiwa zawadi hiyo, baada ya kuunganisha nguvu na makundi mengine mawili.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa sababu ya fedha zilizotolewa. Linalofaa zaidi kwa makala hii ni zile saa za usiku. Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, mhariri wa gazeti, mfasiri au mtangazaji ambaye angependa kuingia katika utafiti wa aina hii ana saa chache mno, na hizo chache huzipata akiwa amechoka. Hawezi kushindana na maabara za vyuo na kampuni kubwa kwa wingi wa mitambo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mjuzi wa lugha ana silaha nyingine: anaweza kuisoma data na kulitambua kosa pale ambapo mhandisi asiyejua Kiswahili huona nambari tu. Saa zake chache zielekezwe huko.

Kabla ya kuendelea, ikumbukwe kwamba istilahi za taaluma hii bado zinagombaniwa. Wapo wasemao akili bandia, wapo waliochagua akili unde, na wapo wanaoshikilia akili mnemba. Ujifunzaji wa mashine ni tawi mojawapo la taaluma hiyo: mtunzi wa programu haiandikii tarakilishi kanuni moja baada ya nyingine, bali huipa mifano mingi yenye majibu, nayo tarakilishi hujitafutia ruwaza. Chombo kinachopatikana baada ya mafunzo hayo huitwa modeli. Jibu linaloambatishwa kwa kila mfano huitwa lebo. Maneno haya mawili yanatosha kwa sasa.

Shindano Linavyoendeshwa

Kimsingi, mwandalizi wa shindano hutoa mafungu mawili ya data. La kwanza, seti ya mafunzo, huwa na lebo zake. La pili, seti ya majaribio, hutolewa bila lebo. Lebo zake zimefichwa kwa mwandalizi. Mshindani huifunza modeli yake kwa fungu la kwanza, huitumia kukisia lebo za fungu la pili, kisha hutuma makisio yake. Mtambo wa mwandalizi huyalinganisha na majibu yaliyofichwa na kutoa alama, nayo alama huwekwa kwenye ubao ambao kila mshiriki anauona.

Jukwaa linalojulikana zaidi la mashindano haya ni Kaggle, lililoanzishwa mwaka 2010 nchini Australia na kununuliwa na Google mwaka 2017. Kwa upande wa Afrika kuna Zindi, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2018 Afrika Kusini, ambalo mashindano yake mengi huhusu matatizo ya bara hili. Ni katika Zindi ambapo, mwanzoni mwa muongo wa 2020, liliwekwa shindano la kuainisha habari za Kiswahili kutoka Tanzania: mashine isome habari na iseme kama ni ya kitaifa, kimataifa, michezo, biashara au burudani. Kwa mwalimu anayeanza, shindano la namna hii lina faida ya pekee. Limekwisha kufungwa, hivyo hakuna haraka wala zawadi ya kuwania, na kazi inayotakiwa ni ile ambayo msomaji yeyote wa gazeti anaweza kuihukumu.

La tatu ambalo makala hii italirejelea ni AfriSenti, lililoendeshwa mwaka 2023 chini ya warsha ya kimataifa ya SemEval. Humo zilikusanywa tungo fupi zaidi ya 110,000 za mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo, katika lugha 14 za Afrika. Wazungumzaji wa lugha hizo walizipa lebo: chanya, hasi, au isiyoegemea upande. Sehemu ya Kiswahili ilikuwa na takriban tungo 3,000 tu, na zaidi ya nusu yake hazikuegemea upande wowote. Tungo hasi ndizo zilizokuwa chache kabisa. Idadi hizi zina athari kubwa, kama itakavyobainika.

Kusoma Kabla ya Kupanga Programu

Kosa la kwanza la mwanafunzi mwenye bidii ni kufungua tarakilishi na kuanza kunakili programu ya mtu mwingine. Mwalimu hana budi kuanza kwa kalamu. Achapishe tungo 200 za seti ya mafunzo, azisome kama anavyosoma insha za wanafunzi wake, na atie lebo zake mwenyewe kabla ya kutazama zile zilizotolewa. Kazi hiyo huchukua jioni mbili. Pale ambapo lebo yake inatofautiana na ile ya mwandalizi ndipo penye somo.

Chukua ukanusho. Masomo mengi ya kuanzia huelekeza kwamba maneno mafupi yanayojirudia sana yafutwe, kwa madai kwamba hayabebi maana. Orodha za maneno hayo ziliasisiwa kwa lugha za Ulaya, kisha wengine wakazitungia Kiswahili kwa mtindo uo huo: ya, wa, na, kwa, ni, si. Mtu akiitumia orodha hiyo kwenye sentensi "Huduma si nzuri", mashine inabaki na "Huduma nzuri". Laana imegeuzwa baraka, na programu haitatoa onyo lolote, kwa maana kwake hakuna kilichoharibika. Vivyo hivyo kwa wala na bila. Mhandisi asiyeijua lugha anaweza kukaa mwezi mzima akijiuliza kwa nini modeli yake haifahamu malalamiko. Mwalimu wa darasa la sarufi hahitaji hata dakika moja.

Fauka ya hayo, ukanusho wa Kiswahili hujificha ndani ya kitenzi. Tunawapenda, hatuwapendi, tuliwapenda, hatukuwapenda: kwa modeli sahili inayohesabu maneno, hayo ni maneno manne yasiyo na udugu wowote, sawa na kusema kiti, mvua, ndizi na jumatatu. Modeli za kisasa hujaribu kulitatua tatizo hili kwa kukatakata neno katika vipande, ila vipande hivyo hukatwa kwa kufuata wingi wa herufi zinazoandamana katika data iliyotumika. Ikiwa data hiyo ilikuwa na Kiswahili kidogo, "hatukuwapenda" linaweza kukatwa pasipo kuheshimu kiambishi hata kimoja. Jaribio dogo la kulinganisha ukataji huo na uchanganuzi wa mofimu unaofundishwa katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ni utafiti unaofaa kabisa kwa mtu mwenye saa sita kwa wiki.

Kinaya ni mgumu zaidi. Mtu akiandika "Hongereni kwa kutuweka gizani siku tatu", neno la kwanza ni pongezi na utungo mzima ni shutuma. "Mungu anawaona" ni kauli ya imani kanisani au msikitini. Ikiandikwa chini ya habari ya fedha zilizopotea, ni lawama kali. "Barabara hii ni hatari" ni onyo, ilhali "Wimbo huu ni hatari" ni sifa. Zaidi ya hayo kuna methali. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" ina chema na kibaya kwa pamoja, na maana yake inategemea ni nani anayeambiwa. Fasihi imeyashughulikia mambo haya kwa miaka mingi chini ya mtindo na pragmatiki, na inashangaza kidogo kwamba wanafunzi wa fasihi ndio wasioonekana kwenye mashindano haya.

Kipimo Chenyewe

Mwalimu anayesahihisha mtihani anajua kwamba alama hutegemea namna ya kusahihisha. Ndivyo ilivyo hapa. Pana tungo 100, na kati yake 10 ni hasi. Modeli mvivu ikisema kila mara "si hasi", itakuwa sahihi mara 90 kati ya 100, na haitakuwa imegundua lalamiko hata moja. Ndiyo maana mashindano kama AfriSenti hayakutumia asilimia ya majibu sahihi kuwa kipimo rasmi, bali kipimo kiitwacho F1.

F1 hujumlisha maswali mawili. Kwanza: kati ya tungo ambazo modeli imezitaja kuwa hasi, ngapi kweli ni hasi? Pili: kati ya tungo hasi zote zilizopo, ngapi zimepatikana? Modeli ikitaja tungo 8, na 6 kati yake zikawa hasi kweli, jibu la swali la kwanza ni 6 kwa 8, yaani 0.75. Kwa kuwa hasi zote zilikuwa 10, jibu la swali la pili ni 0.60. F1 ni mara mbili ya zao la nambari hizo, ikigawanywa kwa jumla yake: 0.90 kwa 1.35, ambayo ni takriban 0.67. Asiyependa hesabu ashike jambo moja tu: kipimo hiki kinashushwa na ile iliyo duni kati ya nambari mbili, kwa hiyo hakidanganyiki kwa uvivu. Mshindani ahesabu F1 ya kila lebo peke yake, hata pale shindano linapodai wastani, maana wastani unaweza kuficha kwamba lebo adimu imetelekezwa.

Kugawanya Data kwa Uaminifu

Hapa ndipo wengi huanguka, na inafaa kukaa kidogo.

Mshindani hutenga sehemu ya data yenye lebo, labda tungo moja kati ya kila tano, asiifunze modeli kwa sehemu hiyo. Ni mtihani wake wa nyumbani. Kila badiliko analolifanya hupimwa huko kwanza. Swali ni: sehemu hiyo itengwe vipi? Jibu la haraka ni kwa kura, na kwa tungo za watu mbalimbali kura hutosha. Lakini kwa mtafiti anayetaka kuifundisha mashine kutofautisha tenzi za kidini na za kihistoria, kura ni mtego. Akizitawanya beti za utenzi mmoja huku na huku, beti za mtihani zitakuwa na majina ya wahusika yale yale yaliyomo katika beti za mafunzo. Mashine itayakariri majina, itapata alama za kutisha, na haitakuwa imejifunza lolote kuhusu aina ya utenzi. Utenzi mzima hauna budi kukaa upande mmoja. Kwa habari za magazeti, taarifa moja iliyochapishwa mara mbili kwa vichwa tofauti huleta madhara hayo hayo.

Aidha, kuna suala la bahati. Modeli inayopata asilimia 80 kwenye mtihani wa tungo 500 ina kosa sanifu la takriban asilimia 1.8. Kwa hiyo mtu aliyekesha ili kupanda kutoka 80.0 hadi 80.4 amebadilisha majibu ya tungo mbili, na mtihani mwingine wa tungo 500 ungeweza kumrudisha alikokuwa. Mwenye ajira hana usiku wa kupoteza kwa tungo mbili. Dawa iliyozoeleka ni kugawanya data katika mafungu matano, kila fungu likiwa mtihani kwa zamu, na kutazama kama badiliko linasaidia katika mafungu yote au katika moja tu.

Shindano la Netflix lilionyesha jambo hili hadharani. Ubao wake ulionyesha alama za nusu tu ya seti ya majaribio. Nusu ya pili, iliyofichwa kabisa, ndiyo iliyomwamua mshindi. Shindano lilipofungwa Julai 2009, ubao uliliweka mbele kundi la The Ensemble kwa asilimia 10.10, likifuatwa na BellKor's Pragmatic Chaos, kundi la akina Piotte na Chabbert, kwa asilimia 10.09. Nusu iliyofichwa ilipofunguliwa, yote mawili yalikuwa na asilimia 10.06. Zawadi ilikwenda kwa BellKor's Pragmatic Chaos kwa kuwa lilituma kazi yake dakika 20 mapema. Miaka mitatu ya kazi, na tofauti iliyoonekana kwenye ubao ikayeyuka. Mwaka 2012 Netflix yenyewe ilieleza kwamba mfumo kamili ulioshinda haukuwahi kutumika, kwa sababu nafuu iliyoongezwa haikulingana na kazi ya kuuingiza katika huduma zake. Kampuni ilinufaika zaidi na mbinu chache zilizopatikana mwaka wa kwanza wa shindano.

Vifaa na Muda

Juu ya vifaa hakuna mengi. Lugha ya programu inayotumika zaidi ni Python, na inatosha kujua kufungua faili, kuhesabu, kurudia tendo na kuita programu zilizoandikwa na wengine. Kaggle ina masomo mafupi ya bure. Kaggle na Google pia hutoa mitambo yenye nguvu kwa njia ya mtandao bila malipo, ingawa kwa muda wenye kikomo, hivyo kipakatalishi cha kawaida kinafaa. Gharama halisi ni bando na umeme.

Modeli ya kwanza iwe ile sahili ya kuhesabu maneno. Hufunzwa kwa sekunde chache, na makosa yake husomeka. Baadaye mshindani anaweza kuchukua modeli iliyokwisha kuzoeshwa lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, kama AfroXLMR iliyotolewa mwaka 2022. Asiyekuwa na alama ya modeli sahili hataweza kusema kama ile kubwa imemletea faida. Kuhusu ratiba, jioni tatu za saa mbili mbili kwa wiki ni bora kuliko Jumamosi nzima ambayo mara kwa mara humezwa na mazishi, harusi au insha za kusahihisha. Kila jioni ianze kwa kusoma daftari la jioni iliyotangulia. Bila daftari, mtu mwenye kazi nyingine hurudia jaribio lile lile mara tatu akidhani ni jipya.

Jambo moja la kisheria lisipuuzwe. Mwalimu atashawishika kutumia insha za wanafunzi wake kama data. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na data ya watoto inalindwa zaidi. Kufuta majina pekee hakutoshi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walionyesha kwamba baadhi ya wateja waliokuwa wamefichwa majina katika data ya Netflix wangeweza kutambuliwa kwa kulinganisha alama zao na zile walizoziweka hadharani kwingineko. Shindano la pili lililokuwa limepangwa lilifutwa mwaka 2010.

Kutoka Ubaoni hadi Makala

Shindano likiisha, wengi hufunga tarakilishi. Kwa msomi huo ndio mwanzo. Warsha ya SemEval huwataka washiriki waandike makala fupi ya kueleza mifumo yao, na makala hizo hupitiwa na wasomi wengine kisha huchapishwa. Hakuna sharti la kuwa wa kwanza. Aliyekuwa wa ishirini akieleza kwa nini modeli yake ilishindwa kutambua kinaya, kwa mifano iliyochanganuliwa, amewapa wasomaji kitu ambacho ubao hauwezi kukionyesha.

Njia ni hii: achukue makosa 50 ya modeli yake, ayapange kwa sababu zake. Mangapi yametokana na ukanusho? Mangapi na Sheng? Mangapi na kinaya, na methali? Mangapi si makosa ya modeli hata kidogo, bali lebo iliyotiwa vibaya? Fungu hili la mwisho huwa na watu wengi kuliko inavyotarajiwa, na ndilo linalomhitaji mjuzi wa lugha zaidi. Kila kosa lieleweke kwa sentensi moja au mbili. Jedwali la namna hiyo, pamoja na maelezo ya jinsi data ilivyogawanywa, ni kiini cha makala na pengine sura nzima ya tasnifu.

Ipo njia nyingine, ambayo haipiti kwenye ubao wowote. Mradi wa Kencorpus, uliowashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, ulikusanya matini za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kutokana na matini za Kiswahili ilitengenezwa KenSwQuAD, data ya maswali na majibu 7,526 yaliyotungwa juu ya matini 1,445, ili mashine zifunzwe kusoma kifungu na kujibu swali kukihusu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili atautambua mtindo huo mara moja: ni ufahamu, ule unaokuja katika kila mtihani. Anajua kutofautisha swali ambalo jibu lake limenakiliwa kutoka kifunguni na swali linalodai mtahiniwa afikiri, na anajua pia jinsi mtahiniwa mjanja anavyopata alama bila kuelewa. Akiketi na maswali 100 ya data hiyo na kuyapanga katika makundi hayo mawili, kisha akapima modeli moja kwa kila kundi, atakuwa na jaribio lake la kwanza, nalo linaweza kukamilika ndani ya likizo moja ya Agosti.